Maswali ya Wasomaji: Gari Linalokula Matairi na Usukani Usiotulia

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinahusu jambo moja, nalo ni magurudumu ya gari la kasi yasiyokaa jinsi yanavyotakiwa kukaa. Kwa kuwa maneno matatu yatajirudia katika majibu yote, ni vizuri tuyaweke wazi tangu mwanzo. Kemba ni kuinama kwa gurudumu likitazamwa kutoka mbele ya gari: sehemu ya juu ikielekea ndani tunaita kemba hasi, na ikielekea nje tunaita kemba chanya. Too ni namna magurudumu mawili ya ekseli moja yanavyotazamana: ncha zake za mbele zikikaribiana kuliko za nyuma tunasema too imefungwa, na zikiachana tunasema imefunguka. Kasta ni mwinamo wa mhimili ambao gurudumu huzungukia unapokata usukani, ukitazamwa kutoka ubavuni, na ndiyo inayoufanya usukani urudi katikati wenyewe.

Matairi ya mbele yameisha kwa ndani

SWALI: Ndugu mtaalamu, nilifunga springi fupi kwenye gari langu, likashuka kwa milimita 35. Ni gari linalovutwa na magurudumu ya mbele, na shokabu za mbele ndizo zinazoshika gurudumu moja kwa moja. Baada ya kilomita 6,000 tu, matairi ya mbele ambayo yalikuwa mapya yamelika ukingo wa ndani hadi nyuzi zimeonekana, ilhali katikati na kwa nje bado yana meno ya kutosha. Nimeambiwa kwamba kosa ni kemba, ambayo sasa ni hasi digrii 1.9 pande zote mbili, na kwamba ninunue boliti za kemba ili niirudishe kwenye hasi digrii 0.8 ya awali. Je, hilo litatosha?

JIBU: Kwanza, matairi hayo yatoe leo, usisubiri boliti, kwa sababu tairi lililoonyesha nyuzi linaweza kupasuka wakati wowote. Kuhusu swali lenyewe, jibu ni kwamba haitatosha. Utarekebisha kemba ambayo haikuwa na kosa kubwa, na mla matairi mwenyewe utakuwa umemwacha.

Kemba ya hasi digrii 1.9 huhamishia uzito zaidi kwenye ukingo wa ndani, kwa hiyo ni kweli kwamba tairi litatangulia kulika huko. Hata hivyo, gurudumu lililoinama huku likitazama mbele sawasawa bado linabingirika. Yapo magari ya kasi yanayotoka kiwandani yakiwa na kemba ya nyuma inayokaribia hasi digrii 2, na matairi yake hayafiki kwenye nyuzi kwa kilomita 6,000. Tairi humalizwa haraka namna hiyo na too. Gari lako liliposhuka, mkono wa chini, yaani chuma kinachoshika gurudumu kwa chini, na tairodi, yaani fimbo inayoamua too, vilibadilisha pembe vyote viwili, na kwa kuwa urefu wao haulingani wala havianzii mahali pamoja, kila kimoja kilichora tao lake. Magurudumu yakageuka kidogo kwa nje au kwa ndani, na katika barua yako sioni mahali popote panaposema kwamba kuna mtu aliyeipima too baada ya springi kufungwa.

Fanya nami hesabu ndogo. Tuseme too imefunguka kwa milimita 4 kwa jumla, yaani milimita 2 kwa kila gurudumu, zikipimwa kwenye tairi lenye kipenyo cha milimita 640. Milimita 2 ni unene wa sarafu tu, na kwa macho huzioni. Lakini kila tairi sasa linataka kwenda upande wake kwa mita 3 na kidogo katika kila kilomita moja, na gari linalilazimisha lifuate mstari ulionyooka. Kwa jiometri peke yake, katika kilomita 6,000 tairi limeburutwa ubavu kwa umbali wa karibu kilomita 19. Kemba ilichofanya ni kuchagua ukingo utakaobeba msuguo huo.

Kabla hujayatupa matairi ya zamani, yatumie kama ushahidi. Chagua sehemu ambayo bado ina meno, weka kiganja juu yake, kisha papasa polepole kutoka nje kuelekea ndani, halafu urudi kutoka ndani kuelekea nje. Ukihisi ulaini unapoingia ndani na makali unapotoka nje, too ilikuwa imefungwa. Ukihisi makali unapoingia ndani na ulaini unapotoka nje, ilikuwa imefunguka, na kwa maelezo yako hicho ndicho ninachotarajia utakikuta. Ikiwa kiganja kinapita vizuri pande zote mbili huku ukingo wa ndani umepungua, hapo ndipo kemba peke yake inapostahili lawama. Mimi siiwashi mashine ya alaimenti, yaani ya kupima pembe hizi, kabla sijayapapasa matairi yote manne, kwa sababu mashine hueleza gari lilivyo leo, na tairi hueleza lilivyokuwa likitembea miezi yote iliyopita.

Sasa matengenezo. Muulize aliyefunga springi kama alilegeza boliti za mikono ya chini na kuzikaza tena gari likiwa limesimama kwa uzito wake. Bushi za raba zilizo kwenye maungio ya mikono hiyo hazizunguki, bali husokotwa. Boliti zikikazwa magurudumu yakiwa yananing'inia, au zisipolegezwa kabisa baada ya gari kushuka, raba hubaki imesokotwa muda wote, hulisukuma gari juu kidogo, na huchanika mapema. Hilo lirekebishwe kwanza. Kisha liendeshe gari kilomita mia mbili au tatu ili springi zitulie, ndipo ulipeleke kupimwa. Kazi ianzie magurudumu ya nyuma, ifuate kasta ya mbele, kisha kemba, na too iwe ya mwisho, kwa kuwa kila ukigusa kemba umeigusa too pia. Kwa gari la barabarani lililoshuka kama lako, too ya mbele ya sifuri, au iliyofungwa kwa milimita 1 kwa jumla, italea matairi vizuri hata ukiiacha kemba hapo ilipo. Ukitaka kuipunguza ifike hasi digrii 1.4 hivi, boliti za kemba ni sawa, ila ni nyembamba kuliko za kiwandani na huweza kuteleza gurudumu likigonga shimo. Piga mstari wa rangi unaovuka kichwa cha boliti hadi kwenye chuma, ili siku mstari ukikatika ujue.

Karatasi yote ni ya kijani, gari bado linavuta

SWALI: Ndugu mtaalamu, gari langu linavuta kushoto. Nimelipeleka kwenye mashine mara tatu, na kila mara nimepewa karatasi ambayo namba zote ziko kwenye kijani. Ya mwisho inasema hivi kwa mbele: kemba kushoto −0°20′, kulia −1°10′, kasta kushoto 5°10′, kulia 5°40′, mwinamo wa mhimili wa usukani kushoto 13°35′, kulia 14°25′, too sifuri. Nyuma pande mbili zinalingana. Upepo wa matairi nimeupima mwenyewe. Tatizo lilianza baada ya klachi kubadilishwa, miezi miwili iliyopita.

JIBU: Ninakushukuru kwa kuandika namba zote, kwa sababu jibu lako limo ndani yake, na sentensi yako ya mwisho ndiyo inayoeleza lilikotoka.

Hata hivyo, anza na jambo la bei nafuu. Tairi lenyewe linaweza kuwa na umbo la koni kwa kiasi kisichoonekana, likabingirika kama kikombe cha karatasi kilicholazwa mezani. Badilishana tairi la mbele kushoto na la mbele kulia, kama si matairi yenye mshale wa mwelekeo, kisha ujaribu tena barabara ile ile. Gari likianza kuvuta kulia, kosa ni tairi. Likiendelea kuvuta kushoto, tusonge mbele.

Kijani maana yake ni kwamba kila namba, ikitazamwa peke yake, iko ndani ya mipaka ya kiwanda. Haina maana kwamba kushoto kunalingana na kulia. Kati ya −0°20′ na −1°10′ kuna tofauti ya dakika 50, ilhali kwa magari mengi tofauti inayovumilika ni dakika 30. (Tafadhali kumbuka kwamba digrii moja ina dakika 60. Nimewahi kumwona fundi hodari kabisa akitoa 0.20 kwenye 1.10 na kuandika 0.90, akaendelea kurekebisha gari kwa namba ambayo haipo.) Gari huelekea upande ambao kemba yake ni chanya zaidi, na huelekea upande ambao kasta yake ni ndogo zaidi. Kwako sheria zote mbili zinaonyesha kushoto, na zinasaidiana. Too haina hatia hapa, kwani too ya mbele ikikosewa hupindisha usukani na kula matairi, lakini kwa kawaida haivuti gari. Ndiyo maana safari zako tatu, ambazo nadhani zilimalizika kwa kugusa tairodi tu, hazikubadilisha chochote.

Sasa jumlisha, kwa kila upande, mwinamo wa mhimili wa usukani, ambao ni ule ule wa kasta ila ukitazamwa kutoka mbele, na kemba. Kemba yako ni hasi, hivyo inapunguzwa. Kushoto: 13°35′ ukipunguza 0°20′ ni 13°15′. Kulia: 14°25′ ukipunguza 1°10′ ni 13°15′. Jumla zinalingana kabisa. Laiti shokabu au nako, yaani chuma kinachobeba beringi ya gurudumu, ingekuwa imepinda, jumla ya upande huo ingetofautiana na ya mwenzake. Hakuna kilichopinda. Kilichotokea ni kwamba miguu ya magurudumu yote mawili imesogea pamoja kwenda kulia: la kulia limesukumwa chini kwa nje, na la kushoto limevutwa chini kwa ndani, kila moja kwa dakika 25 kutoka kwenye −0°45′ ambayo bila shaka ndiyo ilikuwa kemba ya pande zote mbili.

Kitu kinachoweza kuisogeza miguu yote miwili kwa mkupuo mmoja ni subfremu, yaani fremu ndogo ya chini ambayo mikono ya magurudumu yote mawili imefungwa kwayo. Katika magari mengi yanayovutwa na magurudumu ya mbele, giaboksi haitoki mpaka subfremu ishushwe, na matundu yake ni mapana kuliko boliti zake. Ikirudishwa bila kulinganishwa na alama zake, hukaa popote. Kutoka boljointi ya chini, yaani kiungo kinachounganisha mkono wa chini na nako, hadi kichwa cha shokabu ni kama milimita 600, hivyo dakika 25 ni milimita 4 na kidogo. Tofauti ya kasta inaonyesha kwamba imekaa pia mshazari kidogo. Rudi kwa aliyebadilisha klachi ukiwa na hesabu hii mkononi. Boliti za subfremu zilegezwe, isogezwe kushoto mpaka pini au matundu ya kuongozea yalingane, zikazwe kwa nguvu iliyoandikwa na kiwanda, na ziwe mpya pale kiwanda kinapoagiza hivyo. Baada ya hapo alaimenti ifanywe upya, na kihisi cha pembe ya usukani kisawazishwe kama gari linacho. Ukishauriwa kufunga boliti za kemba upande wa kushoto ili namba zilingane, kataa, kwa sababu subfremu itabaki pale pale ilipo na jumla ya upande huo haitalingana tena na ya mwenzake.

Usukani unatetemeka kwenye kasi ya kilomita 100

SWALI: Nimefanya alaimenti mara mbili lakini usukani bado unatetemeka kuanzia kilomita 100 kwa saa, kisha unatulia nikifika 120. Nifanye ya tatu?

JIBU: Usifanye. Mtetemo unaokuja kwenye kasi fulani na kuondoka kwenye nyingine ni wa kitu kinachozunguka bila uwiano, na alaimenti haihusiki nao. Fanya balansi, na wakati gurudumu liko kwenye mashine ya balansi simama utazame ukingo wa rimu unavyozunguka, uone kama unayumba. Safisha kutu kwenye uso wa habu. Kama rimu si za kiwandani na tundu lake la katikati ni kubwa kuliko habu, weka pete za kujaza nafasi hiyo, la sivyo rimu huenda ikakaa nje ya kitovu kila inapofungwa.

Nataka kemba ya hasi digrii 4 kwa ajili ya uwanja wa mbio

SWALI: Bwana mhariri, ninaendesha Mazda MX-5 kwenye uwanja wa mbio mara moja kwa mwezi, na kwa gari hilo hilo ninarudi nyumbani. Katika kona ndefu pua ya gari inasukumwa nje, na mabega ya nje ya matairi ya mbele yamelika hadi yamekuwa duara. Kemba ya mbele ni hasi digrii 1.2. Nilipima joto la tairi la mbele linalobeba kona nyingi, nikapata digrii 71 ndani, 77 katikati na 90 nje. Rafiki yangu anasema niweke hasi digrii 4 nimalize kazi.

JIBU: Rafiki yako amelenga upande sahihi, ila amepita kituo. Namba zako zinaonyesha wazi kwamba tairi linaegemea bega la nje: nje kuna joto la digrii 19 zaidi kuliko ndani, wakati katika gari lililorekebishwa kwa ajili ya kona tunataka ndani kuwe na joto zaidi ya nje kwa digrii 5 hadi 10 hivi. Unahitaji kemba hasi zaidi, hilo halina ubishi. Jambo la kuamua ni kiasi gani.

Kwanza hakikisha kipimo. Kipimajoto cha sindano, kinachoingia milimita chache ndani ya raba, ndicho cha kuaminika. Kile cha mwanga husoma ngozi ya tairi tu, nayo hupoa kabla hujafika kwenye eneo la matengenezo. Pima mara tu unapotoka kwenye mzunguko wa kasi, bila ule mzunguko wa kupoza breki, na uanze na tairi lile lile kila mara. Halafu ongeza nusu digrii kwa wakati mmoja, upime tena. Ninatarajia utatulia mahali fulani kati ya hasi digrii 2.2 na 3, kutegemea matairi na ugumu wa springi. Joto la katikati liache kwa sasa. Kwako ni 77, chini kidogo ya wastani wa pande mbili ambao ni 80.5, na hiyo ni ishara ya upepo mdogo kidogo, lakini kemba ikibadilika picha yote itabadilika, na kugusa vitu viwili kwa pamoja kutakunyima kujua kipi kimesaidia.

Kwa nini nisiseme 4? Kwa sababu kemba unayoinunua kwa ajili ya kona unailipia kwenye mstari ulionyooka. Unapokanyaga breki mwisho wa mbio ndefu, magurudumu ya mbele yanakuwa yamesimama kwenye kingo zake za ndani, eneo linaloshika lami linapungua, na umbali wa kusimama unaongezeka. Ndani ya tairi kunaweza kuchemka hadi raba ikatoa malengelenge. Na ukirudi nyumbani gari litafuata kila mfereji wa barabara, hasa kama too nayo imefunguka.

MX-5 ina neema ambayo wengi hawaitumii. Mikono yake ya chini ya mbele imefungwa kwa boliti mbili zenye kamu (visahani ambavyo tundu lao haliko katikati) kila upande, na kamu hizo hurekebisha kemba na kasta kwa pamoja: ukizisogeza zote mbili sawa unabadilisha kemba, na ukizisogeza kinyume unabadilisha kasta. Kasta hukupa kemba hasi ya ziada kwenye gurudumu la nje pale tu usukani unapokatwa, na kwenye mstari ulionyooka haikudai kitu isipokuwa usukani mzito kidogo. Kwa hiyo tafuta kwanza kemba unayoitaka, kisha tumia nafasi yote iliyobaki kwa kasta, pande mbili zikilingana. Magari mengine hutoa marekebisho kwa njia nyingine. Porsche 911 GT3 huwekewa vipande vyembamba vya chuma katikati ya mkono wa chini, na Subaru Impreza WRX ina kamu kwenye boliti ya juu inayounganisha shokabu na nako, hivyo usichukue maelezo ya gari moja ukayafanya sheria ya jingine. Wenye shokabu za aina hiyo wakumbuke pia kwamba boliti ikileta kichwa cha gurudumu ndani, tairi linasogelea shokabu. Pitisha kidole katikati yao kabla hujatoka, maana tairi linalogusa shokabu hukatika ubavu.

Too ya mbele iache sifuri, au ifungue kwa milimita 1 hadi 2 kwa jumla siku ya uwanja ili pua iingie kwenye kona upesi. Ya nyuma ifungwe kwa milimita 2 hadi 3 kwa jumla na isiachwe ifunguke kamwe. Piga mistari ya rangi kwenye kamu zote nane, za mbele na za nyuma, na uitazame kila baada ya kipindi. Kamu iliyoteleza katikati ya siku itakuletea namba za joto zisizo na maana, na utahangaika na upepo bure.

Neno moja kwa mwenye springi fupi wa barua ya kwanza, na kwa kila anayedhani kwamba kushusha gari ndiko kunakoleta kemba. Katika gari ambalo shokabu hushika gurudumu moja kwa moja, mkono wa chini ukishaelekea juu kutoka kwenye subfremu, kila gurudumu linapobanwa zaidi huanza kupoteza kemba hasi badala ya kuipata. Gari limesimama linaonekana limeinamisha magurudumu vizuri, lakini ndani ya kona gurudumu la nje linasimama wima na kupitiliza. Ukiwa na gari la namna hiyo, kulipandisha milimita 10 kunaweza kukupa mshiko zaidi kuliko digrii nyingine ya kemba.

Kupima too kwa kamba

SWALI: Je, kamba inaweza kweli kupima too vizuri kama mashine?

JIBU: Inaweza, na timu nyingi za mbio bado huitumia, mradi uwe na subira. Sakafu iwe sawa, upepo wa matairi uwe sahihi, na uzito wa dereva uwe kwenye kiti chake. (Si ushamba huo. BMW kwa miaka mingi iliagiza gari lipakiwe uzito maalumu kabla ya kupimwa.) Chini ya kila gurudumu weka vigae viwili vyenye grisi katikati, ili tairi liteleze na kukaa linapotaka, kisha libonyeze gari mara kadhaa mbele na nyuma. Usukani ufungwe ukiwa katikati.

Funga kamba mbili, moja kila ubavu, kwenye kimo cha katikati ya magurudumu. Hapa ndipo wengi wanapopotea. Kamba lazima ziwe sambamba na mstari wa kati wa gari, na upana wa magurudumu ya mbele mara nyingi haulingani na wa nyuma. Ikiwa mbele ni pembamba kwa milimita 20, basi umbali kutoka kamba hadi kitovu cha gurudumu la mbele lazima uzidi ule wa nyuma kwa milimita 10 kila upande. Rekebisha mpaka ubavu wa kushoto na wa kulia vilingane, ndipo uchukue rula ya chuma upime kutoka kamba hadi ukingo wa mbele wa rimu, kisha hadi ukingo wake wa nyuma. Namba ya mbele ikizidi ya nyuma, gurudumu hilo limefungwa. Ikipungua, limefunguka. Kisha sogeza gari mbele hadi gurudumu lizunguke nusu duara, upange kamba upya, upime tena na uchukue wastani, ili rimu iliyopinda kidogo isikudanganye. Kumbuka pia kwamba milimita 1 kwenye rimu ni pembe kubwa kuliko milimita 1 kwenye tairi, kwa hiyo soma kwanza kiwanda kimeandika kipimo chake wapi.

Faida ya kamba ambayo naipenda ni kwamba inakuonyesha kila gurudumu la nyuma peke yake. Kama la nyuma kushoto limefungwa milimita 3 na la kulia limefunguka milimita 1, ekseli ya nyuma inausukuma mkia wa gari kulia, na usukani utakaa umepinda mpaka nyuma kurekebishwe, hata kama mbele kuko sawa kabisa.

Nyuma inayumba nikiachia mafuta

SWALI: Mtaalamu, katika kona za kasi, nikiachia mafuta ghafla, nyuma ya gari inachukua hatua ya pembeni kisha inatulia. Nikikanyaga breki kwa nguvu inafanya hivyo hivyo. Mashine inasema too ya nyuma imefungwa vizuri, milimita 2 kwa jumla. Nimeanza kuliogopa gari langu.

JIBU: Una haki ya kuliogopa, na ninakuomba usiliendeshe kwa kasi mpaka ulipate kosa. Mashine haikukudanganya, ila ililipima gari likiwa limesimama. Bushi ya mkono wa nyuma ikilegea, gurudumu hukaa mahali pake gari likiwa kimya, na hupokonywa mahali hapo pale breki inapolivuta kurudi nyuma. Too iliyofungwa milimita 2 kwenye karatasi inaweza kuwa imefunguka ndani ya kona, na too ya nyuma iliyofunguka ndiyo hasa inayoleta hiyo hatua ya pembeni.

Gari lipandishwe kwenye lifti inayobeba magurudumu. Jeki inayoyaacha yananing'inia haifai kwa kazi hii, kwa sababu uzito ukiondoka bushi hurudi mahali pake na kujificha. Chukua mtaimbo mfupi, uusukume kwa wastani kati ya mkono na subfremu kwenye kila bushi, huku mtu mwingine akitazama kwa tochi. Raba nzima hujinyoosha kidogo na kurudi. Iliyokufa huachana na chuma chake, na mara nyingi utaona ufa wa nusu duara wenye vumbi jeusi ndani. Halafu shika tairi kwa mikono miwili, kushoto na kulia kwake, ulisukume na kulivuta. Mchezo wowote hapo unatoka kwenye tairodi ya nyuma, boljointi au beringi. Badilisha bushi pande zote mbili hata kama moja inaonekana nzima, kaza boliti zake gari likiwa limekaa kwa uzito wake, kisha rudi kwenye mashine, kwa sababu ile milimita 2 uliyopewa ilikuwa ya bushi za zamani.